Aliyetugawia Mwezi

Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa akilamba mawe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo Bagamoyo nzima inalolijua, na hata leo ukimtaja hakosi mtu wa kutoa ulimi. Akiona jiwe geni njiani ataliokota, atalipangusa kwa kanzu, atalilamba, atafumba jicho moja kama mpishi anayeonja chumvi ya mchuzi, kisha atalitia mfukoni. Ujanani aliwabebea vyombo wapima miamba huko bara, akajifunza kwao kwamba jiwe lililolowa huonyesha rangi na chembe zake kuliko jiwe kavu, na mate ndiyo maji yaliyo karibu kuliko yote. Mkewe alikuwa akilalamika kwa majirani: "Nikifua nguo zake, beseni linajaa kokoto. Mimi nimeolewa na mwanamume au na barabara?"

Na mtu huyohuyo, mlamba mawe, alitufundisha kuchora ramani ya mahali ambapo hata jiwe moja asingeweza kulifikisha mdomoni.

Ramani ya mwezi. Tena si ile ya kuandika majina ukapaka rangi ukamaliza. Alitaka ramani ya miamba: ardhi hii ni ya namna gani, inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi, ipi ilitangulia, ipi ilikuja baadaye ikamfunika mwenzake. Kila Jumatatu na Alhamisi, tukishatoka shamba la shule na majembe yamerudi stoo, sisi wa darasa la saba tuliotaka tulibaki. Siku ya kwanza tulibaki wengi, maana kulikuwa na uvumi wa biskuti. Siku ya pili uvumi ulikufa, tukawa sita.

Namwandika kwa mapenzi, lakini nisikudanganye msomaji, namwandika kwa wivu pia. Kuna mtu nilimwonea wivu kwa ajili ya mwalimu huyu, na wivu wenyewe haujaisha. Nimeukalia tu, kama fundi anavyokalia kitambaa kisipeperushwe na upepo.

Picha alizipata Dar es Salaam. Kila mwisho wa mwezi alipanda basi, akazunguka maktaba za balozi, akarudi na magazeti ya rangi chini ya kwapa. Wakubwa waliokuwa wakishindana kufika mwezini, alisema, walikuwa wakarimu mno wa picha, na yeye hakuwa na upande, alichukua za wote. Alizikata kwa wembe, akazibandika juu ya ubao mwembamba. Karatasi ya kunakilia hatukuwa nayo, basi alichukua karatasi ya kawaida akaipaka mafuta ya nazi, akaianika kivulini mpaka ikawa inapitisha nuru. Ukiiweka juu ya picha unauona mwezi chini yake, umefifia kama mtu anayeoga nyuma ya pazia. Mikono yetu ilinuka nazi wiki nzima. Mama yangu akadhani napika mahali.

Hapo ndipo alipotufundisha maneno yake matatu, na aliyarudia mpaka tukayaota: "Ulichokiona, kichore. Unachokidhani, kipigie bandi. Usichokijua, kiache wazi."

Bandi ni ile mishono ya mbali mbali anayopiga fundi kabla ya kushona, ya kushikiza tu, unaweza kuifumua. Kwake, mpaka ulioonekana waziwazi kwenye picha ulichorwa kwa mstari mzima, na mpaka uliofichwa na kivuli ukabaki kukisiwa ulichorwa kwa vipande vipande. Mtu akiishika ramani yako atajua wapi ulikuwa na yakini na wapi ulikuwa unabahatisha. "Ramani isiyo na bandi hata moja," alisema, "imechorwa na malaika au na mwongo. Na malaika hawaji darasani kwangu."

Mimi leo ni fundi cherehani. Nikisema nilijifunza bandi kwenye mwezi kabla ya kujifunza kwenye gauni, wateja hucheka. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Maji ya bahari yakitoka sana, alitupeleka Mbegani, tumebeba meza ya darasani vichwani. Watu wa mjini walikuwa hawaishi kutuuliza.

"Enyi watoto, mnaipeleka wapi meza ya serikali?"

"Mwezini!"

"Haya, mkifika mtusalimie."

Kule pwani alichagua tope laini, lisilo na alama hata ya kaa. Akasimama kando akitupa mawe, moja kubwa, moja dogo, konzi ya changarawe, kila moja linachimba shimo lake na kurusha tope pembeni. Sisi tumegeuka, hatutazami. Kisha tunapanda juu ya meza wawili wawili, tunachora, na tunamwambia lipi liliangukia wapi na kwa zamu gani. Shimo lililokata ukingo wa jirani yake ndilo dogo kwa umri, lililokatwa ndilo kubwa. Tope lililorushwa likalala juu ya shimo jingine, basi lile la chini lilikuwapo kabla. Penye mashimo mengi ni pa kale, penye machache ni papya. Na sheria ilikuwa moja: kukanyaga marufuku. Aliyeshuka mezani akatia mguu topeni, kazi yake imekwisha siku hiyo.

"Lakini Mwalimu, hapa si mwezini, hapa ni Mbegani," alisema mwenzetu mmoja aliyefukuzwa kwa kosa hilo.

"Ndiyo maana nakufukuza hapa. Mwezini, pasipo hewa, ungejifukuza mwenyewe."

Alikuwa na ulimi, lakini hakuutumia ovyo. Ofisa elimu alipokuja kukagua shule, akakuta mwezi umetundikwa ukutani kando ya picha ya mbegu bora za pamba, akauliza kwa upole wa hatari: "Mwalimu, ramani hii itamfaa nini mkulima?"

"Mkulima akipewa picha ya shamba lake iliyopigwa na ndege, ataweza kuisoma, bwana."

"Lakini ni nani kati ya watoto hawa atakayefika mwezini?"

"Bwana, nimefundisha ramani ya Ulaya miaka kumi na tatu. Hakuna hata mmoja aliyefika, na mimi mwenyewe sijafika. Hakuna aliyenikataza."

Ofisa alicheka mpaka akaivua miwani. Ukaguzi ukapita.

Barazani hakushindana. Siku zile wazee waligawanyika, hawa wanasema watu wamekanyaga mwezi, hawa wanasema ni mchezo wa picha, hawa wanasema hata kama ni kweli haifai. Walipomtaka yeye, msomi, aamue, alijibu, "Mimi sikuwako. Ninazo picha tu," akaomba kahawa. Niliwahi kumwona anatoka msikitini Ijumaa, akasimama uani na mzee mmoja mkali sana wa upande wa kukanusha, wakitazama juu. Mwezi wa mchana ulikuwa umebaki, mweupe kama ukucha. Mzee akasema, "Subhanallah." Mwalimu akasema, "Na yale madoa ya giza ni lava, miamba iliyoyeyuka ikaganda." Mzee akasema, "Subhanallah" tena. Wakaagana vizuri.

Kwa mawe na mistari alikuwa mkali. Kwa watu alikuwa laini mno, na ulaini wake haukuwa wema siku zote. Hakuweza kumwaibisha mtoto mbele ya wenzake. Ukikosea hakusema umekosea, alisema "Mmh." Ukipatia alisema "Ehe." Basi. Hakukuwa na hongera wala makofi. Mwaka mzima tuliishi kwa mmh na ehe. Mimi nilizihesabu za kwangu, nikaziandika nyuma ya daftari kwa vijistari, na nilikuwa mbele ya wote, maana mkono wangu ni mzuri, Mungu hakunipa vingi ila hicho alinipa. Rangi zangu hazikuvuka mpaka. Mistari yangu ungedhani imetoka kiwandani.

Ndipo akaja Chiku.

Alitoka Fukayosi, akafikia kwa shangazi yake ili amalizie darasa la saba mjini. Alisema Kiswahili chenye Kikwere ndani yake, akachekwa. Penseli aliishika kama mwiko. Karatasi yake ya kwanza ilikuwa na alama ya kidole gumba kila pembe na rangi ya kahawia imemwagikia kwenye kijani. Nilifurahi, wallahi. Nikajifanya mcheshi.

"Chiku, hivi huko Fukayosi mwezi upo kweli?"

"Upo, tena mkubwa. Sisi hatuna taa za kuuzuia."

Wenzetu wakacheka, na safari hii walinicheka mimi.

Lakini si ulimi wake ulioniuma. Kilichoniuma ni macho yake. Mtoto yule aliona. Siku yake ya tatu aliinamia picha ambayo sisi tulikuwa nayo tangu Ramadhani, akasema, "Mwalimu, hapa palikuwa na shimo kubwa, likajazwa, ukingo wake umebaki kama mfupa chini ya ngozi." Tukaangalia. Upo. Umekuwapo siku zote. Alisema amezoea kutafuta njia ya maji kwenye shamba la baba yake wakati wa kiangazi, mto ukiwa haupo lakini umeacha umbo lake.

Mwalimu akasema, "Ehe." Kisha akavuta kiti, akaketi, akasema, "Endelea."

Mimi sikuwahi kupewa "endelea." Nilitafuta daftari zima.

Tangu hapo nikawa naona mengi ambayo si ya ramani. Naona anasubiri Chiku afike ndipo afungue bahasha ya picha. Naona anampa kipande cha penseli nyekundu, ile iliyokuwa moja. Naona amelamba jiwe, akampa Chiku, na Chiku naye bila haya akalilamba, wakatazamana kama wapishi wawili. Mimi ningelamba mlima mzima, lakini hakunipa. Usiniulize kama nilimpenda mwalimu kama baba. Baba ninaye, ni mwuza vitambaa, ananipenda sana, na hajui mwezi una nini. Nilitaka mtu anayejua ndiye anione.

Sasa, kile kilichotokea.

Mwalimu aliandika barua kwa mmoja wa wale wapima miamba wa ujanani mwake, na baada ya miezi ikaja bahasha ngumu. Ndani mlikuwa na picha moja ya Mirihi, iliyopigwa na chombo kilichokuwa kikiizunguka sayari ile. Si ya kukatwa gazetini, ni picha hasa, inang'aa, ina bonde refu limepasuka katikati. Akatuonyesha akiishika kwa ncha za vidole. Akasema atampa mmoja wetu aichoree ramani, na chini pembeni, pale panapoandikwa jina la mchoraji, litaandikwa jina la mwanafunzi. Itatundikwa siku ya maonyesho ya shule. Ataamua Alhamisi, tutakapounganisha vipande vya mwezi.

Maana mwezi alikuwa ametugawia. Kila mtu kipande chake, na vipande vikiwekwa kando kwa kando, mistari lazima ikutane: uwanda mweusi ukiishia hapa kwangu, uanzie hapohapo kwa jirani. Jirani yangu alikuwa Chiku.

Jumatano, kabla sijatia wino, niliona mstari wangu wa ukingoni niliupiga bandi tu, kwa sababu kwenye picha yangu pana kivuli. Nikatazama tena. Nikageuza ubao kwenye dirisha. Ndani ya kivuli mlikuwa na kijiduara kilichovunjika, uwanda mweusi umekiingia nusu. Mpaka haukupita pale nilipodhani. Ulipita juu zaidi, upana wa kidole. Na kwa kuwa Chiku alishaniambia darasani wake unatokea wapi, nilijua kwamba yeye ndiye amepatia.

Ningeweza kuusogeza. Au kuuacha bandi, isingekuwa uongo. Nikachukua wino, nikauchora mstari mzima palepale pa zamani, mweusi, mzuri kuliko mistari yote niliyopata kuchora.

Alhamisi vipande vikawekwa mezani. Vyote vikakutana, ila changu na cha Chiku. Vilipishana kama majirani waliogombana.

Mwalimu akainama muda mrefu. Akagusa kipande changu, akasema, "Mwajuma ametia wino mzima. Mwajuma hatii wino mzima bila yakini." Kisha, taratibu, "Chiku, mwanangu, huo wako usogeze."

"Mwalimu, mimi nimeuona hapa."

"Tazama tena."

Chiku hakutazama picha. Alinitazama mimi. "Mwajuma, wewe umeona pale?"

"Nimeona."

"Haya."

Akachukua kifutio, akafuta. Karatasi ya mafuta haipendi kufutwa, ikachanika kidogo. Akachora upya, mstari ukakutana na wangu, na mwezi ukawa mzima, na picha ya Mirihi ikawekwa mikononi mwangu. Jumatatu Chiku hakubaki. Wala Alhamisi. Nilimwona njiani, akaniambia anamsaidia shangazi kuuza vitumbua, kwa sauti ya kawaida, na hiyo sauti ya kawaida ndiyo iliyonikosesha raha.

Nilichora Mirihi wiki tatu. Ilitundikwa kati ya mihogo na mikeka, na jina langu pembeni. Mama mmoja wa kutoka Vigwaza, aliyekuja kumtembelea dada yake, aliisimamia akauliza, "Masikini, na huu ni ugonjwa gani wa ngozi?" Mwalimu alipoiona alisema "Ehe," mara moja, akageuka kutazama dirishani. Nilidhani wivu umekwisha. Kumbe wivu hauli ukashiba.

Hayo ni ya miaka minne iliyopita. Mwalimu ameacha kazi, macho yamefunga ukungu, anaishi Mbegani kwa binti yake. Mwaka huu niliposikia redioni, kumbe kwa kuchelewa, kwamba chombo kimetua Mirihi na kupiga picha za mawe, mawe kabisa, yametawanyika chini, niliacha gauni la bibi harusi kwenye cherehani nikatoka mbio. Nilitaka niwe wa kwanza kumwambia. Wa kwanza kabla ya nani, wajua mwenyewe.

Ilikuwa Alhamisi. Nilimkuta ukumbini, ameketi juu ya mkeka, amegeuzia uso mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu Chiku! Karibu, karibu. Leo umewahi. Gari la Fukayosi halikuharibika?"

Nikasimama. Kando yake palikuwa na kikapu cha mihogo kutoka shamba, kimebaki nusu. Nikaelewa kwamba Chiku huja Alhamisi. Nikaelewa kwamba huja siku nyingi, na mimi, niliye mwendo wa miguu, sijaja hata mara tatu.

"Keti. Zile habari za Mirihi ulizoniletea wiki iliyopita nimezifikiri sana. Mawe! Wameyaona, na hakuna wa kuyalamba." Akacheka peke yake.

Nikaketi. Nilipaswa kusema. Lakini sauti yake, nikwambieje, ilikuwa ya mtu anayesubiri uendelee. Sijawahi kusemeshwa hivyo. Nikanyamaza nikaiacha inipate, kama mtu anayeota moto wa jirani.

Akasema, "Kuna jambo nimelibeba, Chiku. Ile siku ya kuunganisha mwezi, nilikwambia ufute. Kesho yake nikachukua picha ya Mwajuma nikaitazama dirishani. Wewe ndiye uliyekuwa umeona. Nikasema nitamwambia, nitawaambia wote. Lakini picha nilikwishampa mwenzako, na furaha ile, nikaona haya kumwaibisha. Nikanyamaza. Wewe ukaacha kuja, nami nikajua ni kwa nini, nikanyamaza tena. Umekuwa ukiniletea mihogo mwaka wa pili huu, nami naila bila kukuomba radhi. Nisamehe, mwanangu."

Ombi la radhi zuri kuliko yote niliyoyasikia, na halikuwa langu.

"Mwalimu," nikasema, "mimi si Chiku. Ni Mwajuma."

Akanyoosha mkono hewani. Nikampa wangu. Akapapasa vidole, akafika kwenye sugu ya sindano, akaishikilia.

"Kweli. Huyu ni fundi." Hakuuachia mkono. "Mwajuma, ulijua?"

"Nilijua, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Kabla ya wino."

Nilingoja mmh. Haikuja. Binti yake alipita na ndoo, akatuangalia, akaendelea na safari yake.

"Mimi kesho yake, wewe kabla yake," akasema. "Basi tulikuwa wawili tunaojua, tukamwacha mmoja peke yake na kifutio."

Nililia kidogo. Naye aliniachia nilie, hakunibembeleza, na nilishukuru.

"Gari la Fukayosi linaondoka saa ngapi kesho?" akauliza.

"Saa mbili asubuhi, likijaa."

"Usimngoje aje hapa leo. Utamfuata kwao. Utamwambia mbele ya mamaye."

"Nitamwambia, Mwalimu. Nitaanza na kosa langu, kisha nimfikishie ombi lako la radhi."

"La," akasema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu alinikatalia waziwazi. "Anza na langu. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu."